Miaka tisa nasaga unga wa lishe, mbona biashara haikui?

BARUA

Shikamoo dada,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Kihonda hapa Morogoro. Natengeneza unga wa lishe wa mahindi, mchele, ulezi, soya na karanga. Nilianza mwaka 2016 baada ya kumpata mtoto wangu wa pili. Nilikuwa nasaga wa nyumbani tu, jirani akaonja uji, akaniomba nimtengenezee kilo mbili. Akaja na mwenzake, na huyo mwenzake akaja na wake. Ndivyo ilivyoanza, dada, sikuwahi kukaa chini nikasema nafungua biashara.

Leo nauza paketi 500 za kilo moja kwa mwezi. Nimepanga chumba cha uani kwa ajili ya kazi hii na nina mabinti wawili wanaonisaidia kuchambua, kukaanga na kupaki. Unga wangu uko kwenye maduka 14, kuanzia Kihonda hadi Msamvu na Mazimbu. Watu wananisifu, na kanisani wananiita Mama Lishe Bora. Lakini nikiangalia nilipokuwa miaka mitano iliyopita na nilipo leo, sioni tofauti. Chumba ni kile kile, sufuria ni zile zile, na mfukoni ndiyo hali imekuwa mbaya zaidi.

Najua utaniuliza hesabu, kwa hiyo nimekaa usiku mzima nikaziandika. Malighafi ya kilo moja ya unga uliokamilika inanifikia kama shilingi 1,900, mfuko na lebo 300, kusaga kwenye mashine ya mtaani 150. Mabinti nawalipa 120,000 kila mmoja kwa mwezi. Bodaboda ya kusambaza inakula 90,000, mkaa 60,000, chumba 80,000. Maduka nayapa kwa 3,500 paketi, wao wanauza 4,000. Bei hiyo sijaigusa tangu 2022 kwa sababu kuna akina mama wengine wawili mtaani kwetu wameanza unga kama wangu na wanautoa kwa 3,000. Nikipandisha nitakimbiwa.

Maduka yote 14 nawapa mali kauli. Nikipeleka mzigo mpya ndipo wananilipa wa zamani, na mara nyingi hawalipi wote. Wengine wanasema njoo wiki ijayo, wengine wamehesabu vibaya, wengine wananirudishia paketi zilizokaa mpaka unga umekuwa mchungu. Hizo zinazorudi ni kama 20 kila mwezi, nawapa kuku. Nimejumlisha madeni yangu yaliyoko kwenye maduka, ni shilingi 1,900,000.

Kwa kuwa fedha iko nje, malighafi nanunua kwa mkopo. Dada, nimeingia kwenye kausha damu. Nachukua 1,000,000, narejesha 108,500 kila wiki kwa wiki 12. Huu ni mkopo wa tano. Mwaka jana nilitoa hisa zangu zote za VICOBA, 1,100,000, nikidhani nitapumua. Zimeyeyuka, na sijui zilikwenda wapi. Nyumbani nachukua kidogo kidogo kwenye mauzo, mboga, nauli za watoto, mchango wa harusi au msiba. Nakadiria haizidi 150,000 kwa mwezi. Mume wangu ni dereva wa lori, anakwenda Tunduma, na mambo makubwa ya nyumba anabeba yeye. Hajui habari ya mikopo hii. Siku ya rejesho, kama yupo nyumbani, huwa namwomba afisa mikopo nimkute barabarani.

Sasa wale wale wakopeshaji wanasema kwa kuwa narejesha vizuri, wako tayari kunipa milioni 5. Nimefikiria ninunue mashine yangu ya kusagia ili niache kulipa watu. Shemeji yangu anasema unga hauna maisha, bora hiyo milioni 5 niitie kwenye bodaboda mbili, zilete hesabu kila siku. Sina TIN, ile namba ya mlipakodi, wala alama ya TBS, shirika la viwango, nina kile kitambulisho cha mjasiriamali tu, na naogopa nikienda huko kodi itanimaliza kabisa.

Nichukue mkopo ninunue mashine, nimsikilize shemeji, au niache yote nikapumzike? Nimechoka, dada yangu.

Mama Lishe, Kihonda

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole na uchovu, na ahsante kwa kukesha ukiandika zile namba, maana watu wengi wanaoniandikia huwa na hadithi bila hesabu. Nimekaa na barua yako kwa kalamu na daftari jioni mbili.

Kwanza nikuonyeshe ulichoniandikia bila wewe mwenyewe kukiona. Paketi 500 kwa 3,500 ni 1,750,000. Gharama ulizozitaja, ukizijumlisha zote pamoja na chumba na mabinti, zinafika 1,645,000. Kinachobaki ni 105,000 kwa mwezi. Mkopo wako unaurudisha kwa nyongeza ya kama laki 3 ndani ya wiki 12, yaani karibu 100,000 kila mwezi. Toa hiyo kwenye 105,000, unabaki na 5,000. Elfu tano, mdogo wangu, kwa mwezi mzima wa kukaa kwenye moshi wa kukaanga soya. Na hapo sijagusa paketi 20 zinazorudi, ambazo malighafi, mfuko, kusaga, mkaa na usafiri wake vimeshakugharimu 53,000. Wala sijagusa ile 150,000 ya nyumbani. Kila mwezi shimo la kama laki 2 linachimbika, na kila baada ya miezi mitatu unakwenda kulifukia kwa mkopo mpya. Hisa zako za VICOBA zilikwenda humo. Hakuna aliyekuibia.

Nimesoma barua yako mara ya tatu ndipo nikaona kitu kilichoniuma zaidi ya vyote. Umekopa 1,000,000, huku maduka 14 yanakudai wewe uvumilivu kwa 1,900,000 yako. Wewe ni benki. Unawakopesha wenye maduka bila riba na bila tarehe, kisha unakwenda kukopa kwa riba ya kutisha ili uweze kuendelea kuwakopesha. Unasema huna mtaji wa kukuza biashara. Mtaji unao, tena unazidi mauzo yako ya mwezi mzima, ila umekaa kwenye rafu za watu wengine.

Hili si lako peke yako. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2012 ulihesabu biashara ndogo zaidi ya milioni 3 hapa Tanzania, na nyingi kati ya hizo ni mtu mmoja na mikono yake. Kila tukikutana kwenye semina kilio ni mtaji, mtaji, mtaji. Mimi siamini kwamba mtaji ndiyo shida ya kwanza ya wengi wetu. Nilikuwa na cherehani nne kule Ngamiani, Tanga, nikishona sare za shule. Shule moja ilichukua sare 200 kwa ahadi ya kulipa muhula ukianza. Muhula ukaanza, ukaisha, ukaanza mwingine. Mimi nikakopa kununua vitambaa vya oda nyingine, nikalipa riba, nikauza cherehani moja, kisha ya pili. Walipokuja kunilipa nilikuwa nimebaki na cherehani moja na deni. Mauzo yangu kwenye daftari mwaka ule yalikuwa makubwa kuliko mwaka wowote. Ndiyo maana nikisikia mtu anauza sana na hakui, swali langu la kwanza huwa: fedha yako inalala kwa nani?

Nirudi kwako. Gawanya ile 100,000 ya riba kwa paketi 500. Unapata shilingi 200 kwa kila paketi. Kila kilo unayosaga, mkopeshaji anachota 200 kabla yako. Sasa fikiria hivi. Mali kauli ipande iwe 3,700, na atakayelipa taslimu abaki na bei ya zamani ya 3,500. Hiyo 200 unayompelekea mkopeshaji, mwachie mwenye duka anayekulipa mkononi. Huhitaji kugombana na mtu wala kutoa hotuba. Mwambie tu: mangi, bei zimekuwa mbili, chagua. Utashangaa ni wangapi walikuwa na fedha muda wote. Mwenye duka huyo huyo anawalipa taslimu watu wa soda, wa mkate na wa vocha, kwa sababu wao hawaachi mzigo bila fedha. Wewe anakuchelewesha kwa kuwa umemzoesha.

Usiyabane maduka yote 14 siku moja. Anza na matano yanayokusumbua zaidi, na nina hakika unayajua bila kufungua daftari. Hayo usiwapelekee mzigo mpya mpaka deni liishe. Wakitaka kulipa kwa mafungu, pokea, lakini usiongeze hata paketi moja. Yale mazuri wape kiwango, tuseme paketi kumi na wiki mbili, na wasaini kwenye daftari lenye nakala mbili. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe umetoa unga wa karibu milioni 2 kwa mdomo.

Najua unachokiogopa. Utauza kidogo. Ndiyo, utauza kidogo kwa miezi michache. Nimekokotoa: ukishuka hadi paketi 400 bila mkopo, ukiwa na gharama zile zile za chumba na mabinti, unabaki na 20,000. Ukiuza 500 ukiwa na mkopo unabaki na 5,000. Ukishuka chini ya 377 ndipo unaanza kuumia, kwa hiyo mpaka huo uandike ukutani na uutazame kila wiki. Na zile 100 utakazopoteza madukani, zitafutie watu wanaonunua kwa wingi na kulipa: vituo vya kulelea watoto, shule za awali, akina mama wanaojifungua hapo mtaani wanaohitaji kilo tano kwa mkupuo. Hawa hawakurudishii unga mchungu, maana unaisha kabla haujazeeka.

Kuhusu mashine, jibu ni hapana, kwa sasa. Unalipa 75,000 kwa mwezi kusaga kilo 500. Mashine ya mtaani inazisaga hizo kwa siku moja au mbili. Ya kwako siku 28 zilizobaki itafanya nini? Itakaa ikidai rejesho la milioni 5, umeme wa njia tatu na fundi. Labda usagie majirani, lakini hiyo ni biashara nyingine kabisa, yenye foleni, kelele na mtu wa kuisimamia tangu alfajiri. Kitu kimoja nakubali: kwenye mashine ya mtaani unga wa mtoto unachanganyika na vumbi la dona na mtama wa watu. Ongea na mwenye mashine akuwekee siku na saa, uwe wa kwanza asubuhi baada ya yeye kuisafisha mbele yako. Hilo halihitaji milioni 5.

Shemeji yako simlaumu. Watu wetu hutawanya fedha kwenye bodaboda, kuku na kiwanja kwa sababu wamewahi kuona ugonjwa mmoja au moto mmoja ukimaliza duka la mtu, na hakuna bima ya kumwinua. Kuna akili katika hilo. Lakini hutawanyi kwa fedha ya mkopo huu. Asilimia 10 unayoiona kwa mwezi si riba halisi, kwa sababu unaanza kurejesha wiki ya kwanza, hivyo kwa wastani unakaa na nusu tu ya ile milioni huku ukilipia yote. Riba ya kweli inakaribia mara mbili ya hiyo. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja lao, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na orodha ya wenye leseni inatolewa na Benki Kuu yenyewe. Ichunguze. Kama jina la hao jamaa halimo, au kama riba imefichwa ndani ya ada ya fomu na gharama za uendeshaji, una haki ya kupeleka malalamiko. Maliza mkopo huu wa tano kwa fedha utakazokusanya madukani, kisha usiwe na wa sita. Hiyo milioni 5 usiiguse hata kwa mazungumzo.

Siku ukihitaji mkopo wa kweli, iko milango mingine. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Hutolewa kwa vikundi, kwa hiyo chagua wenzako kwa makini, mwanakikundi mmoja mtoro anaweza kuwabebesha wote. SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, nao wana mfuko wao wa kukopesha wajasiriamali, NEDF. Kaulize maofisa wa maendeleo ya jamii kata yako.

Sasa TBS, na hapa nivumilie nikae kidogo, maana hapa hatuongelei fedha peke yake. Unga wako unaliwa na watoto wa miezi sita na saba. Mwaka 2016, mwaka ule ule ulioanza, watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi yao ya nyumbani. Sumukuvu haionekani kwa macho wala haina ladha, na kukaanga hakuiondoi yote. Inatokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizokaushwa vibaya au kuhifadhiwa penye unyevu, na unga wako una vyote viwili. Nunua karanga zilizoanikwa juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Wafundishe mabinti kutoa kila punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyotobolewa na wadudu, hata kama utapoteza kilo mbili kwenye gunia. Zile paketi zinazorudi acha kuwapa kuku, sumu hiyo inawadhuru nao, na wewe unakula mayai yao. Sisemi unga wako una sumu. Nasema wewe hujui, na mama anayenunua hajui. TBS ndio wenye maabara ya kujua.

Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko kwao, kwa hiyo ni mlango mmoja. Mjasiriamali mdogo mwenye barua ya utambulisho ya SIDO hupewa alama ya ubora bila malipo kwa miaka ya mwanzo. Bila malipo, mdogo wangu, na wengi hawajui. Nenda ofisi ya SIDO hapo hapo Morogoro, waje waone chumba chako, wakuambie kinachopungua. Huenda wakataka dari, nyavu dirishani, makoti na kofia za mabinti, sehemu ya kunawia. Fanya taratibu. Ukishapata alama, wale akina mama wawili wanaouza 3,000 hawatakuwa tena washindani wako. Kwa sasa mama akisimama dukani anaona mifuko mitatu inayofanana, atachukua ya bei ndogo, na hana kosa. Na kusema kweli, kama gharama zao zinafanana na zako, wanaouza 3,000 wanapata hasara kila paketi. Hawajapiga hesabu bado. Usiwafuate.

Kuhusu kodi, nitakwambia ukweli mchungu. Kile kitambulisho ulichonacho, cha shilingi 20,000, kilitolewa kuanzia mwishoni mwa 2018 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Wewe unauza milioni 21. Unalia kwamba hukui, kumbe umeshakizidi hicho kitambulisho mara tano na hukutambua. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2022, mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 11 hadi milioni 100 hulipa asilimia 3.5 ya mauzo. Kwako hiyo ni kama 735,000 kwa mwaka, yaani shilingi 122 kwenye kila paketi. Kaulize TRA kiwango cha mwaka huu na habari ya mashine ya risiti ya EFD kabla hujafanya lolote. Wana dawati la elimu kwa mlipakodi, na kuuliza hakukufungi. Lakini ona jambo: hiyo 122 haimo kwenye bei yako. Wala mshahara wako haumo. Tangu 2022 umekuwa ukiuza unga kwa bei inayowalipa mabinti, bodaboda, mwenye chumba na mkopeshaji, isipokuwa wewe. Hofu yako ya kodi ni hofu ya bei. Ukipata alama ya TBS, panda hadi 3,800 taslimu, bila woga.

Na hiyo 150,000 ya nyumbani, siwezi kukwambia uache kuwalisha watoto au usichangie msiba. Mchango ndiyo bima yetu. Ila uchukue mara moja kwa mwezi, kwa tarehe, uandike "mshahara wa mama", ukiisha umeisha. Hesabu ya biashara iwe kwenye laini nyingine ya simu, isiyokuwa na namba ambayo ukoo mzima unaijua.

Nimeliacha jambo la mume wako mwisho kwa sababu ni gumu na kwa sababu ndilo litakaloamua haya mengine. Mwambie. Najua nyumba zilizovunjika kwa kausha damu, na karibu zote hazikuvunjwa na deni lenyewe, zilivunjwa na siku ambayo mume alikuta watu wanabeba televisheni na yeye hana habari. Hujafuja fedha, umezitia kwenye kazi. Mkalishe siku amepumzika, mwekee daftari mezani, mwonyeshe 1,900,000 ya madukani kando ya deni, aone kwamba ukikusanya unalipa na chenji inabaki.

Lakini kuna sababu nyingine. Umeniandikia kwamba anakwenda Tunduma. Mdogo wangu, ulezi unaousaga unalimwa kwa wingi Rukwa, na barabara ya Sumbawanga inaangukia hapo hapo Tunduma. Wewe unanunua ulezi huo kwa debe Morogoro, baada ya kupita mikono minne, mwezi wa pili bei ikiwa juu, kwa fedha ya kausha damu. Mume wako anaegesha lori karibu na kunakovunwa, mara ngapi kwa mwezi? Kwa ruhusa ya mwenye lori, magunia matatu au manne wakati wa mavuno, mwezi wa sita na wa saba, yangekufikia kwa bei ambayo hujawahi kuiona. Fanya hivyo hivyo na karanga za Dodoma zikitoka. Ukishusha malighafi kutoka 1,900 hadi 1,600 tu, kwa paketi 400 umeokoa 120,000 kwa mwezi. Hiyo inazidi riba yote uliyokuwa ukilipa. Siri yako imekuwa ikikuzuia kumtumia mtu anayepita sokoni kila wiki.

Kwa hiyo utaratibu wangu kwako ni huu. Wiki hii nunua daftari la nakala mbili na uzungumze na mume wako. Jumatatu nenda kwenye duka lile linalokuchelewesha kuliko yote, bila mzigo, ukaombe hesabu. Alhamisi nenda SIDO. Hakikisha magunia ya kuhifadhia ulezi yamewekwa juu ya mbao, mbali na ukuta, kabla hayajafika. Na mwezi wa nane niandikie tena uniambie gunia lilikufikia kwa shilingi ngapi.

Dada yako